Wimbo Unaokaa Kwenye Re

Masasi, Jumapili 28 Septemba 1997

Nimenunua daftari hili kwa sababu mikono yangu haitulii. Gitaa si langu, ni la Mzee Awadhi, na kila mazoezi yakiisha linafungiwa stoo pamoja na magunia. Nikikaa bila gitaa nang'oa nyuzi za shuka, navunja njiti za kiberiti, naudhi watu. Basi nishike kalamu.

Mimi ni Cyril, mtoto wa Reginald, mwalimu wa kwaya wa Lulindi. Nilikuwa karani wa mizani kwenye ushirika mpaka soko la korosho lilipofunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, na sisi makarani tukaambiwa asanteni kwa kazi nzuri. Sasa napiga gitaa la solo kwa mmoja wa wanunuzi hao hao. Baba akiulizwa nafanya nini husema nipo nipo tu.

Mzee Awadhi ana akili ya biashara ya kurithi. Wenzake wanapeleka mizani vijijini, yeye anapeleka mizani na bendi. Wakulima wanakuja kusikiliza muziki, wanabaki kupima. Leo ametukusanya uani kwake Mkomaindo akatueleza habari za msimu. Anajenga ghala Newala, litafunguliwa Jumamosi ya tarehe 13 Desemba, kabla ya Ramadhani, kwa dansi la mchana. Siku hiyo anataka wimbo mmoja wa Kimakonde ambao mtu wa Newala akiusikia ataiacha mizani ya mwingine aje kwenye yake. Wimbo ukikubalika, tunakwenda Dar kurekodi kaseti. Usipokubalika, kuna kijana Mtwara ana kinanda cha umeme chenye ngoma ndani, tarumbeta ndani, gitaa ndani.

"Kinanda hakili, na hakiombi ruhusa ya kwenda msibani," alisema, na alikuwa ananitazama mimi.

Newala, Ijumaa 3 Oktoba

Tumepanda. Lori lilichemsha kwenye kona, tukashuka kusukuma na spika zetu juu. Upepo wa huku haukomi, na maji ni ya kununua kwa ndoo. Nimeoga kikombe kimoja.

Jumapili 5 Oktoba

Wimbo umepatikana, na ulivyopatikana ni kichekesho. Mwimbaji wetu ni Veridiana, mwenyeji wa hapa Newala, aliyejiunga nasi mwezi wa saba. Ana sauti nzuri na haitumii. Anaimba kama mtu anayesubiri basi, macho yako barabarani. Leo Mzee Awadhi alimwambia atoe wimbo wa kwao, sasa hivi, kwa kuwa yeye Mzee gari linamngoja. Veridiana alikuwa anakula muhogo. Akameza, akaimba wimbo mfupi wa kutwangia, mtu anamwita ndugu yake aliyeko shambani: njoo kabla ugali haujapoa, njoo. Akarudi kwenye muhogo wake. Mzee akasema huo huo, akaondoka.

Nimeuandika kwa solfa kama Baba alivyonifundisha. Sauti ni zile zile saba za kanisani, Do mpaka Ti, hakuna ngeni hata moja. Ila una kasoro. Kila ubeti unaishia Re, hewani, kama mtu aliyekatizwa maneno. Nikaumalizia. Kila mwisho nimeongeza hatua moja ya kushuka mpaka Do, na solo langu lote nimelipanga lirudi Do. Baba alikuwa akituambia wimbo hurudi Do kama kuku anavyorudi bandani jioni, na kuku asiyerudi ameliwa.

Mpiga besi wetu ni Sultani, mtu mzima, Myao wa Masasi, aliyepiga kwenye bendi ya shirika la umma mpaka shirika likafa. Mimi humwita Baba Zuhra, kwa jina la bintiye. Alisikiliza, akapiga kama nilivyomwelekeza, kisha akasema, "Huo wimbo haukai, mdogo wangu." Nikamuuliza haukai wapi. Akasema angejua angeniambia.

Jumatano 8 Oktoba

Mazoezi. Joto. Veridiana kachelewa, kisha kapiga miayo kwenye kiitikio.

Jumapili 12 Oktoba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Leo mchana tumepiga kijijini kwao Veridiana, mizani ikiwa pembeni. Nyimbo za kawaida zilikwenda vizuri, vumbi lilipanda. Ukaja wimbo mpya. Veridiana alianza, na nilimwona kila mwanamke pale uwanjani akiinua kichwa. Nikaingia na solo. Nilipiga kwa ufundi, sioni aibu kusema. Nilipanda, nikazunguka, nikashuka kwa mbio mpaka Do, nikasimama pale kifua mbele.

Wanawake wakacheka. Hawakuzomea, walicheka tu kama unavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya babake. Aliyeongoza kicheko ni mama mmoja mnene aliyejifunga kanga ya bluu. Nilimuuliza Veridiana ni nani. Akasema ni mama yake mdogo, Mama Agatha. Nikauliza anasema nini. Kwa raha yake yote, Veridiana alinitafsiria: anasema huyu wa gitaa anatembea vizuri sana, ila kila akifika anaingia nyumba ya jirani.

Na yeye Veridiana mwenyewe alikuwa anacheka.

Jumatatu 13 Oktoba

Nyumba ya jirani! Sauti zangu zote ni za wimbo ule ule. Sijatoka hata kidole kimoja nje yake. Jirani gani?

Jumamosi 18 Oktoba

Nimejaribu kuharakisha, haikusaidia. Nimejaribu kupunguza idadi ya sauti, nazo chache hizo zikapotea vilevile. Nimemwomba Veridiana aimbe pole pole nimsikilize, akasema, "Karani, mimi si redio, nimechoka." Yeye huniita Karani tangu alipojua habari zangu za mizani. Kuna binadamu wamezaliwa kuchosha wenzao.

Jumanne 21 Oktoba

Mvua. Mwezi wa kumi, korosho ziko chini, na mvua. Watu wamekimbia mashambani na majamvi.

Ijumaa 24 Oktoba

Mvua tena. Redioni wanasema ni Elnino na kwamba itaendelea. Korosho zikilowa zinaingia madoa meusi, na mnunuzi anazihesabu daraja la pili hata kama moyo wake ni mweupe, na wa Mzee Awadhi sijawahi kuuona rangi yake.

Jumapili 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote kwa wenzetu Wakatoliki. Veridiana hakuja mazoezini, nikaanza kumsema. Baba Zuhra akaniambia ninyamaze, yuko makaburini. Mama yake alifariki mwezi wa tatu. Nilikuwa sijui. Nimekula naye, nimepanda naye lori miezi minne, sikujua. Alijiunga na bendi, anasema Baba Zuhra, kwa sababu msiba haujaondolewa. Ndugu wanatakiwa wakusanyike, wapikiwe, vitu vya marehemu vigawiwe, na hiyo inataka msimu mzuri wa korosho. Msimu wenyewe ndio huu.

Nikikumbuka nilivyomsema kwa uvivu, najisikia vibaya.

Alhamisi 6 Novemba

Nimepata wazo nikafurahi kabla ya wakati. Nilijiambia: wimbo una huzuni, na wimbo wa huzuni kwa kanuni za Baba hukaa La. Basi nikaupeleka La, nikaipandisha So nusu hatua kama kwenye tenzi za Kwaresima, nikampigia Baba Zuhra.

Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema anaona Ijumaa Kuu, msalaba umefunikwa kitambaa na watu wamevua viatu. Yeye ni Mwislamu, sijui alivipatia wapi hivyo. Lakini ni kweli.

Jumatatu 10 Novemba

Mvua. Mazoezi bila umeme. Nimegombana na mpiga ngoma kwa sababu ya sukari.

Jumamosi 15 Novemba

Barabara ya kushuka Masasi imekatika, malori hayapandi. Mzee Awadhi yuko chini, sisi tuko juu. Ametuma maneno kwa mtu aliyevuka kwa miguu: kijana wa kinanda yuko tayari, anangoja kuitwa tu.

Siwezi kukaa kitini. Nikikaa nasikia Do, nikilala Do, mtu akipiga nyundo kwenye ghala jipya nasikia Do. Nikikosa gitaa hili nitarudi kufanya nini? Kwenye ushirika wamebaki watu wachache na meza nyingi. Nyumbani Lulindi Baba atanipa nafasi yangu ya zamani kwenye besi ya kwaya, hatasema neno, na huko kutosema ndiko kutakakoniua.

Jumatano 19 Novemba

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Jana Baba Zuhra alikuwa uani anakaanga korosho kwenye bati, zile zilizokataliwa mizani. Kila mtu wa huku anajua ganda la korosho likishika moto linatema mafuta, na mafuta yake yanaunguza kama tindikali. Yeye ana umri wa kulijua hilo kuliko sote, lakini alikuwa anatusimulia habari za bendi yake ya zamani, mikono inaongea. Ganda likapasuka. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimebabuka ngozi, ndivyo vile anavyobania nyuzi.

Leo wengine wamekwenda kutafuta dizeli ya jenereta. Tulibaki wawili chini ya bati, mvua inanyesha. Nikasema tupumzike. Akasema akipumzika vidole vinauma zaidi, na mkono wa kulia ni mzima. "Nitapiga nyuzi wazi. Wewe tembea tu."

Besi yake ina nyuzi nne. Usipozibana, kwa jinsi tunavyoupiga wimbo huu, zinalia Mi, La, Re na So. Do haimo. Ili aipate Do lazima abane, na vidole vya kubania vimefungwa kitambaa. Basi akachagua uzi ulio rahisi chini ya dole gumba, uzi wa Re, akaugonga pole pole bila kubadilisha. Re. Re. Re. Macho kafumba, nadhani kwa maumivu.

Mimi nikaanza kutembea bila kufikiri chochote. Sauti saba zile zile. Nilishuka Do kama kawaida yangu, kama kuku wa Baba, na Do ikanikataa. Haikuwa nyumbani tena. Ilikuwa kizingiti, mahali ambapo ukisimama unataka kuingia ndani. Nikapanda hatua moja, Re, nikakuta mlango uko wazi na Baba Zuhra yuko ndani anagonga. Wimbo ukakaa.

Niliacha kupiga. Nikaanza upya nikitumia maneno ya wimbo, njoo kabla ugali haujapoa, njoo, na ile "njoo" ya mwisho niliyokuwa naiona imening'inia hewani ilikuwa imekaa chini, imekunja miguu. Veridiana hakuwa ameukatiza wimbo wake hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa naukamata mkono kila ukitaka kukaa kwao, nauburuta mpaka kwetu.

Na ile Ti niliyokuwa naipita haraka, hapa ina kazi. Wimbo una huzuni, ila ukifika Ti unainua uso kidogo. Ndiyo maana La haikufaa. La inalia moja kwa moja. Huyu anatwanga, ana njaa, anamwita ndugu yake na anamtania.

Nikamwambia Baba Zuhra agonge So. Sauti zile zile saba, na papo hapo tukawa kwenye ngoma ya harusi. Akagonga Mi, nikapata kitu cha wasiwasi sana, kama mtu anayesikiliza nje ya dirisha. Sikuongeza sauti hata moja. Anayebadilika ni mwenye nyumba tu! Kumbe unaweza kutembea utakavyo, kuruka, kuzunguka, kuchelewa, mradi unajua unakwenda kulala kwa nani. Miaka yote hii mimi nilidhani nyumba ni moja duniani.

Baba Zuhra alifumbua macho akasema, "Sasa umekaa." Kisha akauliza kama kuna mafuta ya nazi ya kupaka vidole.

Ijumaa 21 Novemba

Nimempigia Veridiana wimbo. Baba Zuhra aligonga Re, mimi nikaingia, nikamwashiria aimbe. Aliweka kikombe chake cha chai chini, akatoka kwenye mvua bila kujifunika.

Jumapili 23 Novemba

Jua limetoka kidogo, nikaenda kwao. Korosho zilikuwa zimeanikwa uani, yeye na Mama Agatha wanachambua, nyeusi huku, safi huku. Rundo la nyeusi lilikuwa kubwa. Niliamkia, Mama Agatha akaitikia marahaba, akanitazama kwa kicheko kile kile, kisha akaingia ndani kutafuta ungo ambao ulikuwa miguuni pake.

Nilimuuliza Veridiana nimekosea nini. Akatupa korosho moja kwenye rundo la nyeusi.

"Hukukosea, Karani. Ulipokuwa unakosea ndiyo ilikuwa nafuu. Ule haukuwa wimbo wa mama, ulifanana nao tu. Nilikuwa nauimba huku nawaza chumvi imeisha. Juzi uliupiga, nikamsikia mama anavuta pumzi, mchi uko juu haujashuka. Sasa huo nitauimbaje mbele ya mizani?"

Nikamuuliza kwa nini basi alitupa wimbo huo. Akasema Mzee alitaka wimbo saa ile ile na huo ndio uliokuwa mdomoni, kwa sababu tangu mwezi wa tatu ndio huo tu uliopo. Alipoona nimeuharibu akasema afadhali. Mama Agatha naye alicheka siku ile kwa raha ya kuona hakijaguswa kitu. Kwao wimbo wa kutwangia wa aliyekufa haupigwi mpaka msiba uondolewe, na baada ya hapo unapigwa na mtu yeyote, hata akiwa amelewa.

"Wimbo wa mama uwaite watu walete hizi," alisema, akinyanyua korosho nyeusi, "wapangiwe bei na Mzee Awadhi."

Nilirudi nimekasirika. Nasema kweli, nilimkasirikia yeye. Nimehangaika msimu mzima kama kuku anayetaka kutaga, na siku nimepata naambiwa nirudishe. Nimetembea mpaka ukingoni ambako ardhi inashuka, nikatazama mawingu yako chini yangu, nikarudi. Hasira haikuisha, imepungua makali tu.

Jumatano 26 Novemba

Mvua. Mzee hayupo wa kulifungia gitaa stoo, nimepiga Re peke yangu chumbani, bila spika. Tamu mno, nikaacha.

Jumamosi 29 Novemba

Barabara imefunguka na Mzee Awadhi amepanda. Leo asubuhi nilikuwa stoo na Baba Zuhra, vidole vyake vimeota ngozi nyembamba, tukaupiga wimbo ulivyo, tukidhani tuko wenyewe. Tulipomaliza tukasikia mtu anakohoa. Mzee alikuwa amesimama mlangoni kashika kofia mkononi. Alisema bibi yake mzaa mama alitoka huku juu, na kwamba alikuwa amesahau. Akafuta uso, akavaa kofia, akawa tena mtu wa biashara. "Hivyo hivyo. Tarehe 13, hivyo hivyo. Usiongeze kitu."

Alhamisi 4 Desemba

Nimemwendea Mzee nikamwomba tubadilishe wimbo, nikamtajia miwili mingine. Sikusema habari za msiba, kwa kuwa Veridiana alinikataza kabisa. Anaogopa Mzee atasema mwimbaji mwenye vikwazo naye hatakiwi. Mzee akanijibu kwamba gari la matangazo limezunguka vijiji vyote likisema kuna wimbo wa kwenu, na kwamba mwaka huu wa mvua kila mnunuzi analia, yeye hana mpango wa kulia. Nikipiga kama alivyosikia, Januari tuko Dar. Aliniwekea mkono begani. Hajawahi kufanya hivyo kwa mtu wa bendi.

Jumapili 7 Desemba

Nimeota naishi Dar, nyumba ina mabomba.

Jumanne 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Bendera, mvua, watoto wa shule wamelowa. Veridiana anakuja mazoezini kila siku, anaimba wimbo kwa kunong'ona, mimi napiga bila kufika mwisho wowote, tunasema tutamalizia siku yenyewe. Hajaniomba kitu. Angeniomba ningeweza kukataa.

Ijumaa 12 Desemba

Nimemwambia Baba Zuhra ninalowaza, maana likiharibika linaharibika na kwake pia. Kinanda kile kina besi ndani. Alisikiliza, akakaza skrubu ya besi yake, akasema tutaonana kesho.

Jumapili 14 Desemba

Jana hakukunyesha. Ghala lilikuwa linanukia saruji mbichi, na uwanja ulijaa mpaka barabarani. Mzee Awadhi alivaa kanzu mpya. Mizani ilikuwa imepakwa rangi. Mama Agatha alikuwa mstari wa mbele na kanga yake ya bluu, na nyuma yake wanawake wa kijiji kizima, hawachezi, wanangoja.

Mzee alitangaza wimbo mwenyewe. Nilipoanza, vidole vilikuwa vinaijua njia, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Siku zile za Oktoba nilikosea bila taabu. Jana ilibidi nikosee kwa nguvu. Veridiana aliimba beti mbili ameshika nguzo ya maikrofoni kwa mikono miwili, macho kayafunga. Ikawa zamu yangu.

Nilitembea kama sijawahi kutembea. Nililipitisha solo kote kote, nikalichelewesha kwenye Ti mpaka uwanja ukanyamaza, nikashuka mpaka kizingitini. Nilimwona Mama Agatha ameacha kupumua. Hatua moja tu ilibaki. Mkono wangu wote uliitaka hatua ile, na ningeipiga watu wale wangelia, Mzee angelia, na mimi ningekuwa mpiga gitaa mkubwa kuliko wote waliowahi kupanda mlima huu. Nilibaki kwenye Do. Nikasimama pale kifua mbele kama mjinga, na kabla sijageuka kumtazama Baba Zuhra nikasikia besi yake nayo imekuja Do, imebanwa kwa vidole vyenye ngozi mpya, nene, ya uhakika, kama wimbo wa mchezo wa mpira.

Kicheko kilianzia mbele kikaenda mpaka barabarani. Mama Agatha alicheka mpaka akashika kanga isianguke. Veridiana alifungua macho. Akaimba ubeti wa tatu na wa nne kwa sauti yake yote, ile ambayo hakuwahi kutupa, akicheza, akinichekea mimi usoni, na kila alipofika "njoo" niliuburuta mpaka kwetu nao watu wakacheka upya. Wakapima korosho vilevile. Mzee hakupata hasara yoyote jana, ila hakucheka.

Aliniita nyuma ya lori.

"Wewe unaujua ule wimbo," alisema. "Nimekusikia kwa masikio yangu mawili."

Nikasema vidole viliteleza, mzee.

Akanitazama sana. Nadhani aliona kuna jambo, na nadhani alijua akiliuliza atalazimika kulisikia. "Vidole vyako havitelezi hivyo," alisema. "Lete gitaa."

Nililifuta jasho, nikampa.

Jumatatu 15 Desemba

Kijana wa kinanda amefika kwa lori la asubuhi. Mpole, miwani mikubwa. Ameniamkia. Kinanda chake kinapiga ngoma kweli, bila mtu.

Baba Zuhra ameondolewa pia. Nilikwenda kumwomba radhi, akasema nisimpotezee muda, ana bendi tatu alizozizika na hii haikuwa nzuri kuliko zote. Anarudi kwenye cherehani yake Mkomaindo. Anasema nikitaka kujifunza kupindua suruali atanifundisha.

Sijalala vizuri. Najuta kila baada ya dakika kadhaa, kisha naacha, kisha naanza.

Jumanne 16 Desemba

Lori linashuka mchana na mizigo yangu iko juu. Veridiana amekuja kituoni na mfuko wa korosho zilizokaangwa, safi, si nyeusi. Amesema anabaki. Ataimba na kinanda, wimbo wowote watakaomtajia, kwa kuwa msiba unataka mchele na korosho zao hazikufika popote. Hakunishukuru, nikafurahi, maana angenishukuru ningelia pale mbele ya wapakiaji.

Tuliongea habari za barabara. Dereva alipowasha injini ndipo aliposema kwamba ndugu wameshakubaliana, msiba utaondolewa mwezi wa pili, mvua ikiwa kubwa au ndogo, kwa watakachokuwa nacho. Mama Agatha amesema nije.

"Wimbo utapigwa siku hiyo," alisema. "Wenyewe. Uje uupige."

Nikamkumbusha kwamba sina gitaa, gitaa ni la Mzee Awadhi.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Mama hakuwa na gitaa, Karani. Kinu kipo. Utatwanga."